Mkwe Anayetunza Sisimizi

Hata mimi ningewajibu hivyohivyo, Dafroza wangu. Ndugu zako wa Murungu walipouliza mkwe yuko wapi na baba yenu anazikwa, ungesema nini zaidi ya kwamba yuko jangwani, kaskazini mwa Kenya, anatunza sisimizi? Umeandika kwamba walicheka, kisha mjomba wako akasema, “Basi jembe la mkwe la kuchimbia kaburi alishike mwingine.” Maneno hayo nalala nayo, naamka nayo.

Lakini hujambo, ua langu? Unakula? Au wewe na mama yangu mnalia mpaka moto unazimika jikoni? Mwili wangu mzima. Moyo ndio uko nyumbani kwetu Kasulu.

Simu ya msiba ilinikuta tumetoka kukusanya malkia. Malkia akishapandwa huvunja mbawa zake mwenyewe, hujifungia shimoni, wala hali kitu mpaka wanawe wa kwanza watoke. Sisi humweka kwenye mrija wa kioo, maji nyuma ya pamba, tukaufunika asione mwanga. Nilimtazama mmoja akizing'oa mbawa, nikakuona wewe, bibi harusi wangu, unavua gauni jipya uende msibani. Nikalia mbele ya watu. Ekai, mwenzangu wa kazi, mwenyeji wa huku, akasema watu wa milimani tuna maji mengi mno mwilini.

Kisha malkia wakaanza kufa. Wengine walishikwa na ukungu, wengine walishtushwa wakala mayai yao. Amebaki mmoja, amekonda, anayalamba mayai yake bila kuchoka. Mzee mtafiti aliyetuajiri aliniomba nisubiri watoto watoke, kwa kuwa mkono wangu ni mwepesi. Nikasubiri. Mazishi yakanipita.

Jana nilimwambia matanga yanaondolewa mwisho wa mwezi, nami nitakuwepo.

“Ukienda, nafasi yako nampa Ekai,” akasema.

“Mpe, mzee. Nimeshamwonyesha.”

Sitawaona watoto wale wakitoka, na inaniuma, mpenzi, sikufichi. Lakini wewe umelia peke yako vya kutosha.

Nisalimie mama yangu, na dada anayekusukia nywele. Mama mkwe mpe pole yangu kwa adabu zote. Mjomba mwambie nakuja, aniseme mbele yangu.

Napanda meli Kisumu hadi Mwanza, kisha basi la Kibondo, nishukie kwenu Murungu. Mwezi huu hauishi sijafika.

Mumeo, wako wewe peke yako,
Gervas