Hukusahau Kitambaa, Baba Mapacha

Mwaka umezunguka, Baba Mapacha, tangu ulipotoka nyumbani Jumapili asubuhi kwenda kukaza mkanda wa injini, ukarudishwa umefunikwa shuka. Watu wanatuambia muda huponya. Sisi bado tuna hasira, na hatuoni sababu ya kuificha.

Ulikuwa fundi wa injini za dizeli kwenye boti ya starehe ya tajiri mmoja. Boti ilikuwa na injini mbili, nawe ulipenda kutamba kwamba una mapacha wa nyumbani na mapacha wa kazini. Ya kulia uliiita Mkorofi, maana ilikungoja uvae shati safi ndipo ivujishe oili. Uliwabadilishia machujio kabla hayajaziba, ukawatolea maji kwenye dizeli, ukawabembeleza kwa maneno. Mkeo alikuwa akikuuliza, "Na hawa wa nyumbani utawabembeleza lini?" Ulikuwa ukicheka, ukienda kunawa mikono kwa sabuni na sukari, na bado mto wako ulinuka dizeli. Unanuka hadi leo. Mkeo hataki foronya yake ifuliwe.

Kazini ulikuwa na sheria moja. Kabla ya kushuka chumba cha injini, ulifunga kitambaa chekundu kwenye ufunguo wa kuwashia, kipande ulichochana kwenye gauni kuukuu la mkeo. Kila mfanyakazi wa boti ile alijua, na mwenye boti alijua: kitambaa kikiwa pale, fundi yuko chini, ufunguo hauguswi na mtu. Ulitaka kuzima na betri pia, lakini tajiri alikataa. Muziki ungekatika, vinywaji vingepata moto, wageni wangenuna. Basi uhai wako ukabaki umeshikwa na kipande cha nguo. Hapo tunakukasirikia hata wewe. Ungemwambia ashuke mwenyewe.

Siku ya mazishi, mwenye boti alisimama mbele yetu na miwani yake ya jua, akasema fundi alisahau kufunga kitambaa. Waombolezaji wakatikisa vichwa. Wewe, uliyekuwa ukirudi kutoka njiani kuhakikisha mtungi wa gesi umefungwa, eti ulisahau. Maneno yale yalimkaa mkeo kooni kama mwiba wa samaki, hayashuki wala hayatoki. Shuleni watoto wako waliambiwa baba yao alijiua kwa uzembe.

Kisha mpishi wa boti akaja nyumbani. Alibaki amesimama mlangoni.

"Shemeji, kitambaa kilikuwepo," alisema. "Nilikitoa mimi. Bosi aliniambia, toa hilo tambara, wageni wanataka kupiga picha kwenye usukani. Nikamwambia fundi yuko chini. Akasema ni picha tu. Halafu akawasha injini, eti wasikie inavyonguruma."

"Na siku zote hizi ulikuwa wapi?"

"Niliogopa kibarua kuota nyasi."

"Ingia, ukae," mkeo alimwambia. "Utasema tena, watoto wake wasikie."

Akasema tena, na baadaye akaenda kusema polisi. Kibarua chake kimeota nyasi kweli. Hatujamsamehe, tusidanganyane, lakini mdomo wake ameufungua. Tajiri mwenye sauti kubwa kuliko sisi sote bado amefunga wake.

Badala ya kusema, alituletea jiwe la kaburi. Jiwe zuri, linang'aa, limechongwa maneno: *Ajali haina kinga*. Msemo huo tumekua nao na hatuna ugomvi nao. Lakini ajali yako ilikuwa na kinga, Baba Mapacha. Uliifunga kwa mikono yako, yeye akaamuru ifunguliwe.

Mdogo wako, seremala, alilipakia jiwe kwenye mkokoteni. Mkeo akatangulia. Walilishusha gatini, penye ngazi ya boti, wageni wakiwa wanapanda na viatu mkononi.

"Mama, mbona hivi?" tajiri aliuliza.

"Jiwe lako hili," mkeo alimjibu. "Futa hayo maneno, uandike ulichofanya, ndipo ulirudishe."

Hajalirudisha. Kaburi lako lina udongo na maua aliyopanda mama yako. Afadhali udongo mtupu kuliko jiwe linalokusingizia.

Unakumbukwa na mkeo, ambaye hanyamazi tena. Na mapacha wako, wanaojua sasa jinsi ulivyokufa na wanaosimulia shuleni bila kuinamisha kichwa. Na mama yako. Na mdogo wako seremala. Na majirani ambao jenereta zao zilipita mikononi mwako.

Hatutakusahau maisha yetu yote. Na yeyote atakayesema wewe ndiye uliyesahau, atatukuta.