Makasha ya Bi Mwanahawa

Jumanne, baada ya magharibi

Na bado ananicheka! Tangu nirudi mafunzoni na misimbo ya magonjwa, Bi Mwanahawa, mwenzangu wa chumba cha mafaili pale kituo cha afya, ananiita Mwalimu wa Namba. Mimi nimeingiza kila mgonjwa kwenye kompyuta, kila ugonjwa na msimbo wake. Yeye makasha yake ya kadi hataki yaguswe.

Leo kaletwa mvuvi kutoka dago la Shungimbili, kambi ya wavuvi. Mguu umevimba, homa kali, hata kusema hawezi. Wenzake wanamjua kwa jina la utani tu. Kompyuta haikumpata. Muuguzi alikuwa keshavuta dawa kwenye sindano.

"Nahodha wenu nani?" Bi Mwanahawa akauliza.

Wakamtaja. Akafungua kasha la nahodha huyo, maana kadi za wavuvi huzipanga kwa manahodha wao, na jina la utani lilikuwepo juu ya kadi. "Huyu asichomwe penisilini! Msimu uliopita nusura imuue."

Sindano ikawekwa chini. Bi Mwanahawa angekuwa likizo leo je...

"Shikamoo, Bi," nikasema, ingawa asubuhi nilishamwamkia.

"Marahaba, Mwalimu wa Namba."

Mchana nikaongeza nafasi ya nahodha na ya jina la utani kwenye kompyuta, nikaanza kunakili kadi zake. Kwenye kasha la mwisho nikakuta kadi yangu, ya malaria ya mwaka jana. Kasha lenyewe kaliandika: WABISHI.

Nikafungua mdomo nibishe, nikaufunga.