Mbwa wa Ukuta wa Kibla

Toronto, Jumapili

Kwa Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi mwanao ni mzima wa mwili, ila moyo hautulii. Miguu yaendeleaje, na kikohozi kimepungua?

Kaka kanifikishia maneno yako: nihame nyumba hii yenye mbwa, malaika hawaingii. Mama, mbwa wenyewe ni wa kuchorwa kwa rangi tu. Mzee Walter ninayemtunza ni Mwingereza, na sebule yake imejaa picha za kizamani za kwao: farasi wa mbio waliotanua miguu yote minne hewani, hata ukwato mmoja haugusi nyasi, na mbwa wa madoadoa wakimfukuza mbweha. Farasi kaandikwa jina kwenye kibao cha shaba. Mtumishi aliyemshikia hatamu hana jina. Marehemu mke wa mzee hana hata picha.

Kundi kubwa la mbwa liko ukuta wa kibla. Siwezi kumwacha mzee peke yake, kwa hiyo lazima niswali hapo hapo sebuleni. Siku ya kwanza aliniona nimeshika mkeka nasitasita, akauliza, nikamweleza kwamba hatuswali tukielekea picha za viumbe. Tangu hapo, wakati wa swala ukifika hujikongoja na shuka akaifunika picha mwenyewe, akinung'unika kwamba mbwa wake wana adabu kuliko binadamu wengi.

Sasa yuko hospitali, mapafu yanamsumbua. Binti yake anayeishi Mississauga anasema huenda asirudi. Na Omari, rafiki yangu wa mtaa wa Malvern, kanipatia kazi ghalani, nianze kesho. Nimefunga begi, nikalifungua, nikalifunga tena. Nazunguka humu ndani kama kuku anayetafuta pa kutaga. Picha naifunika mwenyewe, na swala haikai.

Jana nilikwenda kumuaga. Maneno nilishayapanga. Kabla sijafungua kinywa alinishika mkono, akauliza kwa sauti ndogo, "Na wale mbwa, anakufunikia nani siku hizi?"

Mama, sikuaga. Nimempigia Omari, kazi ampe mwingine. Nitakaa hapa mpaka mzee arudi, au Mungu aamue vinginevyo. Najua utaudhika. Nakuomba usininyime radhi yako, maana bila hiyo sina pa kusimama.

Nisalimie kaka, na shangazi anayekukanda miguu, na mwalimu wangu wa madrasa. Yeye umuulize taratibu habari za shuka.

Na ukiomba dua, mtaje mzee kwa jina. Ni Walter.

Mwanao,
Mbaraka