Nilichokuwa Nikiunga

Morogoro, mwezi wa Rajabu

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nimeitamka kwa sauti hapa chumbani kabla ya kuiandika, ili ikufikie ikiwa na joto lake. Kifua chako vipi? Na lile goti la kushoto, bado linakutangazia mvua kabla haijanyesha? Paa la upande wa kisimani limekwisha kuezekwa, au Kaka bado anatafuta makuti bora kuliko ya watu wengine? Mimi ni mzima. Shangazi Tatu ni mzima pia, anakula na anagomba kama kawaida yake. Milima ya Uluguru imejifunika ukungu tangu juzi na baridi imetushukia hadi huku mjini, lakini sisi tumekwisha kuizoea.

Kaka Omari, najua ni wewe unayesoma. Mama hajui herufi, na marehemu baba alitufundisha mimi na wewe kwenye ubao mmoja, kwa hiyo huwezi kusema hati yangu haisomeki. Nakuomba usome kila neno kama nilivyoliandika. Usipunguze wala usitie sukari. Ukifika mahali pa kukukera, kereka, kisha endelea.

Mama, Ami Sefu amefika salama. Alishuka kwenye gari la moshi amejifunika shuka mbili na kikapu cha nazi mkononi, analaani baridi ya watu wa bara. Kabla hajanywa maji akaniambia nimeposwa. Bwana Kombo, mwenye mashamba ya minazi, ameleta posa, Kaka ameipokea, yeye ametumwa kunichukua. Nikamuuliza, "Ami, Bwana Kombo amenitakia nini mimi? Si Bagamoyo nzima inajua nilirudishwa nyumbani kwa sababu ya mchuzi?" Maana mume niliyekuwa naye alisema mbele ya watu kwamba mchuzi wangu ni maji ya kunawia, na hakuna aliyemkanusha, hata wewe Mama ulitazama pembeni. Ami akacheka. "Hayo ya zamani," akasema. "Si umeandika mwenyewe kwamba siku hizi unajua kuunga?"

Nikakaa chini pale pale ukumbini, Mama.

Ni kweli niliandika. Niliandika, "Siku hizi najua kuunga, na nikiunga kinaungika." Nilidhani nimesema wazi. Ninyi mkasikia nazi. Mkasikia tui la kwanza na tui la pili, mkafurahi, habari ikatoka jikoni kwako ikaenda kwa majirani, ikafika kwa Bwana Kombo ambaye ana minazi isiyohesabika na hana mtu wa kumpikia. Siwalaumu. Mwanamke akisema anaunga, nani atafikiri kitu kingine? Lakini mimi sikuwa nikiunga mchuzi. Nilikuwa nikiunga chuma.

Kaka, kama hilo umelimeza, lirudie. Chuma.

Mama, sikiliza ilivyokuwa. Ulimi wa mbuzi ya Shangazi, ile ya kukunia nazi, ulivunjika katikati. Nikaupeleka Kilakala kwa Mzee Mloka, mfua chuma aliyeshuka kutoka upande wa Matombo akajenga kibanda chake karibu na kijito. Wanawake wa mlimani wanaolima maharage wote majembe yao ni yake, na tangu Wadachi walipoleta reli, vipande vya chuma havimpungukii. Nilipofika akaninyooshea kidole nisimame mbali. Kwao mwanamke hakaribii moto wa kufulia. Akikaribia, chuma hakiungi. Nikakaa juu ya jiwe. Siku ile alikuwa peke yake. Mpwa wake aliyekuwa akimvutia mivukuto alikuwa amechukuliwa kwenda kulima pamba kwenye shamba la Mzungu. Basi mzee anapuliza kidogo, anakimbilia chuma, moto unalala. Anarudi kupuliza, chuma kinapoa. Mama, unanijua, siwezi kutazama kazi ikiharibika. Aliponipa mgongo niliondoka kwenye jiwe, nikashika ile mifuko miwili ya ngozi ya mbuzi nikaanza kuisukuma, huu ukipanda huu ukishuka. Moto ukanguruma. Yeye macho yake yote yalikuwa kwenye chuma, nadhani alifikiri mpwa wake amerudi. Akaweka vipande kimoja juu ya kingine, akagonga. Vikashikana. Ndipo alipogeuka akaniona.

Akatazama chuma. Akanitazama mimi. Akatazama chuma tena.

"Kimeungika?" nikamuuliza.

"Kimeungika," akasema.

"Na mimi nipo?"

"Upo."

Akakuna kidevu, kisha akasema, "Basi usiache kuvuta, kuna jembe bado."

Hivyo ndivyo nilivyoanza. Nilivuta mivukuto mpaka mabega yakawa si yangu. Kisha akanipa koleo, kisha nyundo ndogo. Alinifundisha kuzichonga ncha mbili ziwe kama midomo, kuziweka ndani ya makaa, na kuzinyunyizia mchanga mweupe wa mtoni ambao huyeyuka ukakifunika chuma kama ute wa yai, uchafu usiingie. Chuma kikiwa chekundu hakijaiva. Kikiwa cha manjano bado. Kikigeuka cheupe na kuanza kurusha cheche, hapo ndipo pa kukitoa mbio na kukigonga, kwanza pole pole katikati, kisha kwa nguvu kuelekea pembeni. Ukichelewa kidogo, kinakataa. Ukiwahi, kinakataa. Changu kimekataa mara nyingi kuliko nitakavyomwambia mtu. Jembe langu la kwanza lilifunguka shambani, na mwenyewe, mama mmoja mkali wa juu huko, alilishusha mlima mzima akalitupa miguuni pangu. "Jembe lako limekufa," akasema. "Lizike." Sikulizika. Nililia kidogo nyuma ya kibanda, nikalirudisha motoni. Akalichukua tena, na mpaka leo hajalirudisha.

Kaka atauliza nalipwa nini. Silipwi kitu, wala sijaomba. Tonge langu nalipata kwa kofia ninazoshona, na kofia zangu zinavaliwa mpaka Kilosa. Kibandani nakwenda nikishamaliza sindano, kama wengine wanavyokwenda ngomani. Na nadhani hilo ndilo litakalowaudhi zaidi. Ningekuwa nafua chuma kwa njaa mngenihurumia, mngesema maskini Mwanahawa, dunia imempiga. Lakini nafua kwa sababu napenda, basi nimerogwa. Mama, huu mkono wangu uliouita mzito tangu nikiwa mdogo, uliokuvunjia vyungu, huko hauvunji kitu. Nikiona vipande viwili vimekuwa kimoja na siwezi tena kuuona mpaka wake, nafurahi furaha ambayo sikuipata hata siku ya harusi yangu. Nimesema, na sioni haya.

Sasa turudi kwa Ami. Nilipojua ametumwa kwa ajili ya posa nilitoroka kwenda Kilakala, maana nikikasirika ndiko ninakokwenda. Naye akamuuliza Shangazi niko wapi. Shangazi, ambaye hapendi maneno mengi na kaka yake, akamjibu, "Yuko kule bondeni anaunga. Fuata moshi." Ami akaufuata moshi, Mama, akidhani ni moshi wa jiko la shughuli. Alifika amekwisha kunawa mikono kijitoni.

"Shughuli ya nani hii?" akauliza. "Wali u wapi?"

Alinikuta nimejifunga ngozi kifuani, kanga nimeikaza kiunoni, uso mweusi tititi, nyundo mkononi.

"Mwanahawa! Unaunga nini hapa?"

"Jembe, Ami."

"Jembe linaungwa kwa nazi?"

"Kwa mchanga, Ami."

Akamgeukia Mzee Mloka. "Mzee mwenzangu, mmemfanya nini mtoto wetu?"

"Mimi?" Mzee akasema kwa ile lafudhi yake ya mlimani. "Mimi nilimkataza. Huyu hakatazwi, akikatazwa anaongeza. Kaa, kigoda hicho."

Na kwa kuwa chuma hakimngoji mtu, nikakitoa cheupe nikaunga mbele ya macho yake. Kilishikana vizuri, alhamdulillahi. Ami alikaa kwenye kigoda akanyoosha mikono kwenye moto, nadhani ndipo mahali pa kwanza alipopata joto tangu atoke pwani.

Kaka, hapa punguza sauti na ufunge dirisha la barabarani. Hatujamaliza kupumua akaja askari wa boma na mnyororo begani, ule wa shingoni, wanaofungwa nao wafungwa wakifagia mji. Pete moja ilikuwa imekatika. Akataka iungwe papo hapo. Mzee Mloka akaitazama ile pete, akatikisa kichwa kwa huzuni kubwa. "Leo haitaungika," akasema. "Huoni? Kuna mwanamke motoni." Askari akanitazama, akautazama moto, akarudi nyuma hatua moja. Naye kwao wana wafua chuma, miiko hiyo anaijua. Akasonya akaondoka na mnyororo wake, na jembe langu lilikuwa bado linatoa moshi miguuni pake.

Ami akaninong'oneza, "Lakini mimi nimeona limeungika."

"Ulichoona ni jembe, Ami," nikamwambia. "Nyamaza."

Tuliporudi nyumbani, baada ya sala ya alasiri, Ami aliniita barazani. Hakunifokea, na hiyo ndiyo iliyonitisha. Alisema kwa upole, "Mwanangu, hakuna aliyesema uongo. Wewe uliandika kuunga, wao wakaelewa walivyoelewa. Oga, jipake mafuta mikononi, makovu sema ni ya jiko. Kesho tupande gari, uolewe, na haya ya huku mimi nitayafukia. Hatajua mtu."

Nimelifikiria, Mama, usidhani sikulifikiria. Ami ananipenda, na alichonipa ni njia ya kutoka bila aibu. Lakini nikajiona nimekaa kwa Bwana Kombo siku zote za maisha yangu, nakuna nazi chini ya neno moja lililosikiwa vibaya, nikiogopa kila mgeni atokaye bara asije akalitaja. Na nikishaificha mikono hii itakuwa nimekubali kwamba imefanya jambo baya. Haijafanya. Ndiyo maana naandika kila kitu, ili kisiwepo cha kufukiwa. Ami yuko barazani sasa hivi, anadhani nafunga mzigo. Atakachobeba ni barua hii na tikiti yangu, aangalie kama watamrudishia nauli.

Najua mtakayosema. Mtasema moto unakausha tumbo. Tumbo langu halikukaushwa na moto, lilikaa miaka yake yote jikoni kwa mume na halikuota kitu. Mtasema watu watacheka. Wacheke, walicheka mchuzi nikabaki hai. Mtasema nani atanistiri. Ninajistiri, na Shangazi yupo, na akitokea mtu atakayenitaka na nyundo yangu, aje huku huku. Kaka ukitaka kuja mwenyewe kunichukua, karibu sana, malazi yapo. Ila uje na nguo ya kuchafuka, maana mivukuto bado haina mtu.

Mama, wewe nakuonea uchungu. Najua ulijisifu kwa majirani, na sasa utapita njia ya nyuma kwenda kisimani. Usipite nyuma. Wakikuuliza, waambie binti yako anaunga majembe, na wenye majembe wanalima. Mwezi wa kufunga ukikaribia nitakutumia kofia ya kumpa imamu, na kisu cha samaki nilichokifua mwenyewe kuanzia mpini mpaka ncha. Njoo huku kiangazi ukipata mtu wa kukusindikiza. Nakutaka sana. Kuna asubuhi naamka nikisikia unaniita, na siyo wewe.

Nisalimie Bibi mzaa baba, umwambie Shangazi anamkumbuka ijapokuwa hasemi. Nisalimie wifi yangu Zuhura, mke wa Kaka, ambaye najua anacheka mlangoni sasa hivi. Mwalimu wangu wa kofia, Bi Mtumwa, mwambie viua alivyonifundisha kudarizi havijanipotea. Na Bwana Kombo mpelekeeni salamu za heshima, mwambieni hakudanganywa na mtu, ni lugha yetu tu. Mungu atampa mwenye mkono wa nazi.

Kaka, wewe ulikaa chuo cha Kurani muda mrefu kuliko mimi, hili unalijua. Mwari akiulizwa habari ya kuolewa akanyamaza, kimya chake ni idhini. Mtalaka sivyo. Kimya cha mtalaka si kitu, lazima atamke kwa mdomo wake mwenyewe. Ulipoipokea ile posa mimi nilikuwa kimya kwa sababu hukuniuliza. Sasa nikitia jina langu hapa chini nitatoka barazani, nisimame mbele ya Ami na Shangazi na yeyote apitaye njiani, nitamke. Mtamkie Mama nawe hapo ulipo, kwa sauti, Kaka, dirisha likiwa wazi.

Sikubali.

Mwanao,
Mwanahawa binti Shomari