Mvua ya Nyuma ya Ukuta

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe na Shemeji na binti yenu. Natumaini karatasi hii inakukuta umeketi vizuri kwenye kiti chako cha magurudumu karibu na dirisha, si kitandani. Shemeji aliniambia kwenye simu kwamba mgongo bado unakusumbua ila mdomo haujambo, nikacheka, nikajua hujabadilika. Mimi mwilini ni mzima. Nakula, nalala, nafika kazini kwa wakati. Rohoni ndiko kuna shida, na ndiyo sababu ya kukuandikia.

Utashangaa kupata barua ya mkono kutoka kwa mtu anayeshinda mbele ya kompyuta. Nilishika simu mara tatu nikaiweka chini. Kwenye simu ungenisamehe kabla sijamaliza kusema, maana ndivyo ulivyo, nami ningekuacha unisamehe. Tafadhali isome mpaka mwisho, kisha uamue utakavyo.

Nianzie pale ulipoanza kuuliza. Toleo jipya la gemu yetu lilipotoka, ulinipigia kunieleza kwamba kompyuta yako, ile ile iliyocheza toleo la zamani bila shida, sasa inaganda. Ukifika kwenye bonde la mvua picha inasimama, sauti inakwaruza, na inapozinduka wewe umeshauawa. Shemeji alikuwa tayari kukununulia kompyuta mpya. Ukaniuliza mimi niliye ndani ya kampuni: anunue, au sisi wenyewe tutaipunguza gemu uzito? Nilikujibu asinunue kitu. Nilisema kosa ni letu na tutalirekebisha, wewe subiri kidogo tu. Ukafurahi, ukanipa somo la useremala kama kawaida yako. Ulisema mlango ukikataa kuingia kwenye fremu, fundi anachukua randa na kuuranda mlango, hamwambii mwenye nyumba abomoe ukuta. Nilikubaliana nawe siku ile, na hata leo nakubaliana nawe.

Labda sikuwahi kukueleza vizuri tunavyofanya kazi hapa. Sisi watengenezaji tunapewa kompyuta zenye nguvu za kutisha, na zikichoka kidogo tunapewa nyingine. Juu ya mashine hizo kila kitu kinateleza, hata kazi mbovu. Kwa hiyo mwanzilishi wa kampuni aliweka kompyuta moja kongwe kwenye chumba cha majaribio, boksi limepauka, feni inakoroma kama mtu aliyeshiba. Tulimwita Bibi. Sheria ilikuwa moja tu: hakuna toleo linalotoka mpaka Bibi alicheze nusu saa nzima bila kuganda. Mwangalizi wa Bibi nilikuwa mimi. Kazi hiyo niliiomba mwenyewe, kwa kuwa Bibi na kompyuta yako ni wa rika moja, na kila nilipoketi mbele yake nilikuwa naona kile utakachokiona wewe.

Toleo hili lilimshinda Bibi. Nilichunguza siku nne mpaka nikapata sababu. Kwenye lile bonde, kompyuta ilikuwa inachora kila tone la mvua, hata matone yanayoanguka nyuma ya kuta, ambako jicho la mchezaji halifiki kamwe. Ilikuwa inajiua kwa kazi ambayo hakuna atakayeiona. Dawa yake niliijua, ni kuifundisha iache kuchora kisichoonekana. Si kazi ngumu, ni ya kuchosha tu, ukuta baada ya ukuta, kama wiki tatu hivi.

Nikaenda kwa mkuu wetu wa kazi. Hakunifokea. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema tarehe imeshatangazwa, na kwamba watu wa siku hizi hubadilisha kompyuta kama viatu. Anayetaka raha atanunua kadi mpya ya picha, asiyetaka basi. Kisha akauliza kama Bibi atapita kufikia Ijumaa. Akaongeza, kwa upole kabisa, kwamba kuna wafanyakazi watakaopunguzwa na asingependa mimi niwe mmoja wao.

Ijumaa asubuhi nilifika kabla ya wengine. Nilichukua bisibisi nikamfungua Bibi. Nilimtoa kadi yake ya zamani nikamtia mpya, nikamwongezea kumbukumbu ya RAM, nikambadilishia na pawasaplai ili apate umeme wa kutosha. Vumbi la nje sikuligusa. Nikarudisha skrubu zote nne. Mkuu alipokuja na wenzake kumtazama, Bibi alicheza nusu saa bila hata kushtuka. Watu wakapiga makofi. Mmoja akasema Bibi amerudia usichana wake, tukacheka wote, na mimi nikacheka kuwashinda.

Nilijidanganya kwamba toleo likishatoka nitaifanya ile kazi ya wiki tatu kimyakimya. Hatukupewa hata siku moja. Jumatatu yake tulihamishiwa kwenye gemu nyingine, na malalamiko yakaanza kumiminika. Waliokuwa wakijibu barua za wachezaji waliuliza, wakaambiwa Bibi alipita. Ndipo likaandikwa lile jibu moja wanalotumiwa wote, ambalo nawe ulilipata ukanisomea kwenye simu: gemu imejaribiwa kwenye kompyuta kongwe na haikuonyesha tatizo, hitilafu iko kwenye kifaa chako. Ulicheka kwa hasira, ukauliza hiyo kompyuta kongwe ni ya nani. Nilisema nitafuatilia. Kila aliyelalamika, Kaka, aligonga ukuta ule ule, na ukuta wenyewe niliujenga mimi.

Usiniulize kwa nini sikukutumia tu kompyuta mpya. Ulishamkatalia Shemeji kwa ajili ya neno langu. Kukutumia kungekuwa kukiri kwamba hakuna anayeranda kitu huku, nawe ungetaka kujua sababu. Kwa hiyo kila wiki nilikuambia usubiri, na wewe ukasubiri miezi minane.

Najua ulichokuwa unakingoja. Tangu ulipoanguka kutoka kwenye paa lile ukiwa unapigilia mbao za kenchi, sijakuona ukimwamuru mtu kitu zaidi ya kusogeza mto. Lakini ndani ya gemu ulikuwa Kapteni. Watu kumi na mmoja walikuwa wakifuata sauti yako, unawapanga, unawakemea, unawatania, na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba huwezi kusimama. Kisha ukaanza kuganda bondeni. Amri zikawa zinafika zimechelewa, na wenzako wanauawa kwenye lango la bonde wakikungoja. Ukawaomba wavumilie, ukawaambia mdogo wako analishughulikia jambo hilo. Walivumilia kwa muda. Jumamosi moja mchana wakaitisha kura ya siri, ukatolewa kwa kura sita dhidi ya tano. Shemeji anasema tangu siku hiyo hujaiwasha kompyuta, na kwamba unaomba urudishwe kitandani saa tisa mchana. Niliposikia hivyo niliingia chooni kazini nikalia.

Juma lililopita nilikwenda kwa mkuu nikamweleza yote kuhusu Bibi. Nilikuwa nimeshakusanya vitu vyangu mezani, maana nilijua nafukuzwa. Akasema, "Ungeniambia mapema ningekusaidia kufungua skrubu." Kisha akanieleza kwamba Bibi alitupwa pamoja na takataka nyingine tulipohamia ghorofa ya juu, kwamba gemu ile haitaguswa tena, na kwamba nirudi nikafanye kazi. Nilirudi nikafanya kazi. Hicho ndicho kilichonimaliza nguvu, kwamba niliuza jina langu kwa watu ambao hata hawakulihitaji.

Kwa hiyo usisubiri tena, Kaka. Hakuna atakayeuranda mlango huu.

Ningeweza kukomea hapa, nawe ungebaki ukiniona mwoga tu. Lakini mficha uchi hazai, na bado sijakuambia lililo zito.

Katika kikosi chako kulikuwa na mtu mliyemwita Kimya, kwa sababu hakuwahi kutoa sauti, alikuwa akiandika tu. Mlidhani ni bubu, na wewe ukawakataza wengine kumtania. Kimya ni mimi. Niliingia miaka miwili iliyopita nikitafuta sauti yako, ile ya zamani, ya kabla ya paa. Siku ya kwanza nilikusikia ukicheka mpaka ukakohoa, nikaamua sitoki. Sikuweza kuzungumza kwa kuwa ungenitambua kwa neno moja, na niliogopa ukijua ni mimi utaacha kucheka hivyo. Ulinifundisha kulinda lango. Uliwahi kusema mbele ya wote kwamba Kimya ndiye unayeweza kumgeuzia mgongo bila wasiwasi.

Siku ya kura, wote walikuwa wameshapiga isipokuwa mimi. Hesabu kwenye skrini ilikuwa tano za kukutoa, tano za kukubakiza. Sikushurutishwa na mtu. Nilipiga ya sita. Nilikuwa nimechoka kukutazama ukiganda kwenye mvua ile, maana kila ulipoganda ilikuwa kazi ya mikono yangu inasimama mbele yangu. Nilitaka uondoke nisione tena. Hakuna sababu nyingine, na nimeitafuta sana. Kikulacho ki nguoni mwako, Kaka.

Dakika chache baadaye ulimwandikia Kimya peke yake. Maneno yenyewe ninayo: "Najua wewe si mmoja wa walionitoa. Niwekee nafasi yangu langoni. Nina mdogo wangu yuko kwenye kampuni hiyo, kaniambia nisubiri, na yeye hajawahi kunidanganya."

Mpaka leo sijakujibu.

Nisalimie binti yako. Mwambie Shemeji kwamba yeye ndiye aliyekuwa na akili kati yetu sote, na kama bado yuko tayari kununua kompyuta, anunue kesho. Mimi sikuombi msamaha katika barua hii. Nakuombea tu usingizi mzuri na mgongo usiouma.

Ni mimi, mdogo wako.