Kobe wa Baba na Jiwe la Kusugulia Miguu

Jumatatu, 3 Juni

Uji umeungua tena. Mwanangu Tusa alinivuta kanga nikasahau sufuria. Siku hizi anasimama kwa kumshika kobe wa baba, pale pembeni ya mlango. Anampiga makofi mgongoni, anacheka mwenyewe.

Kobe mwenyewe ni jiwe. Baba alimtoa kwenye kokoto za mtoni, huko Songwe anakochimba, akaniletea hapa Iyunga Tusa alipozaliwa. Mviringo, ameumuka kama mkate, na mwili wote una magamba yaliyogawanywa na mistari myeupe. Baba anasema ni kobe wa zamani aliyegeuka jiwe. Naamini.

Mume wangu Festo kapiga simu, yuko Tunduma na lori lake. Anasema kwao Iringa mdogo wake, shemeji Gaspa, bado anatangaza kwamba baba alilichonga jiwe mwenyewe, akaja kutudanganya. Jumapili ni ubatizo wa Tusa, huko huko Iringa. Baba anakuja. Atakula meza moja na watu wanaomwita Mzee Kobe. Nimechukia.

Jumanne, 4 Juni

Gaspa kanipigia mwenyewe. "Shemeji, redio imetangaza. Wataalamu wa visukuku wako hapa mjini mpaka Jumamosi, wanaangalia mawe ya watu bure. Mlete huyo mnyama wenu apimwe. Au mnaogopa?"

Nikasema namleta. Kwa hasira tu. Hata visukuku nilikuwa sijui ni nini, nimemuuliza jirani: viumbe vya kale vilivyogeuka mawe. Mimi ni wa darasa la saba, ila kuuliza najua.

Nilipokata simu nikamtazama kobe pale mlangoni.

Jumatano, 5 Juni

Nimemwogesha kobe kwa sabuni, aende msafi. Bora nisingemwogesha. Hana pa kutokea shingo. Hana tumbo. Juu magamba, chini magamba. Nimemgeuza na kumgeuza.

Nikampigia baba. Akasema, "Nimemtoa kwa mikono hii, mwanangu. Kobe ni kobe." Sauti ya furaha. Ameshanunua shati la ubatizo. Sikumwambia nilichokiona.

Nimemtilia shaka baba yangu mzazi. Najisikia vibaya.

Alhamisi, 6 Juni

Safari ya basi kwenda Iringa. Tusa mgongoni, kobe mapajani. Dada wa kiti cha pili akauliza nimefunga nini kizito hivyo kwenye kanga. Nikasema mgonjwa, namkimbiza kupimwa. Akanipa pole. Nimecheka mpaka Makambako.

Mama mkwe katupokea vizuri. Kamwene, kamwene, salamu ya kwao, na Tusa akapokonywa mgongoni hapo hapo. Jioni Mama alikaa na beseni lake akisugua miguu kwa lile jiwe ambalo baba alimletea, toka kokoto zile zile. Kipande kibaya, bapa, kimejaa vishimo. Anasema hakuna jiwe linalotoa magaga kama lile.

Ijumaa, 7 Juni

Chumba cha wataalamu kilijaa watu na mawe yao. Gaspa alinisindikiza, anapiga mluzi. Mtaalamu ni dada mmoja, Rehema, kofia pana, suruali ina vumbi magotini. Alimpokea kobe kama anapokea mtoto mchanga. Akamwangalia kwa kioo cha kukuzia. Akadondosha dawa kwenye mistari myeupe, ikatoa povu. Akaweka kioo chini. Nikajua.

"Mama, huyu si kobe. Lilikuwa donge la tope, zamani sana. Likapasuka kwa ndani, nyufa zikajaa chokaa. Ndiyo hii mistari. Mfupa hamna."

Gaspa akapiga makofi. "Kachongwa! Si nilisema?"

Dada akamgeukia. "Hajachongwa na mtu. Huoni alama ya patasi hata moja. Jiwe limejifanya lenyewe. Mimi mwenyewe la aina hii liliwahi kunidanganya nikiwa chuoni."

Gaspa akashusha mikono. Mimi nililia hata hivyo. Baba si mwongo, lakini kobe hana. Kesho anafika na shati lake jipya, namwambiaje?

Dada akauliza kama kuna mawe mengine ya sehemu ile ile. Nikafuta machozi. Nikakumbuka beseni.

Jumamosi, 8 Juni

Leo nimecheka mpaka mbavu zinauma.

Asubuhi nilimkuta Mama katikati ya kusugua. Mguu mmoja tayari, mwingine bado. Nikaomba jiwe. Hakulitoa. "Nitakwenda nalo mwenyewe," akavaa kandambili, tukaondoka, mguu mmoja unang'aa na mwingine wa kijivu.

Dada Rehema akalipokea, akaligeuza, macho yakamtoka. Nikafungua mdomo nimwambie ni la nini. Nimechelewa. Kalilamba!

Mama alishika kichwa. "Yesu wangu! Binti, hilo la miguu!"

Dada akacheka hadi akakaa chini. "Mama, kwa kazi hii nimeshalamba vibaya zaidi ya miguu yako." Akatueleza: mfupa wa kale una vitundu vidogo vidogo, unang'ang'ania ulimi. Jiwe la kawaida haling'ang'anii. Akanipa kioo. Ubavuni ni kama mkate uliokatwa. Ukingo mmoja una meno meno, ulipoungana na kipande kingine. Na vile vishimo vya juu, vinavyotoa magaga, ni gamba la kobe wa mtoni. Kobe halisi.

Akasema sheria hairuhusu mtu kukaa na kisukuku, kitahifadhiwa makumbusho, na jina la baba litaandikwa kama aliyekiokota. Mama akakubali kwa shingo upande. Akauliza kama na aliyekisugulia ataandikwa.

Baba kafika jioni, nikampeleka kwa dada kabla hawajafunga. Nikamwambia yote, nikianza na kobe wetu. Alilishika lile jiwe la miguu, akaligeuza na kuligeuza. Nikaogopa. Halafu akasema, "Kwa hiyo nilimbeba wa uongo kichwani, wa kweli nikampa mkwe asugulie miguu." Akaanza kucheka, sote tukafuata.

Jumapili, 9 Juni

Tusa kabatizwa. Kamvuta mchungaji joho. Mezani Gaspa akasimama mbele ya watu wote. "Mzee, nilisema umechonga. Sikusema kweli. Nisamehe." Akampa bakuli la kwanza la ulanzi, pombe yao ya mianzi.

Baba akapokea. "Ningejua kuchonga hivyo, kijana, ningekuwa bado nashinda kwenye kokoto?"

Watu walipiga meza. Hakuna aliyemwita Mzee Kobe. Halafu Mama akamwita hivyo hivyo, kwa heshima, na baba akaitika.

Jumanne, 11 Juni

Tumerudi Iyunga. Baridi kali, ukungu mpaka mlangoni. Mama kapiga simu, anataka jiwe lingine la miguu, ila lisiwe mnyama.

Kobe wetu yuko mahali pake. Tusa kamwekea kipande cha ugali mbele, pale ambapo kichwa kingekuwa. Akasubiri kidogo. Kisha akavuta kanga yangu kitandani, akamfunika.

Nimejifunga ile nyingine.