Mwali Aliyefungua Kinywa

Mafiga, Morogoro
Mwezi wa Julai

Kwa mdogo wangu mpenzi Nasra,

Assalaam alaykum. Naomba Mungu barua hii ikukute umekaa kwenye kiti, si kitandani. Hafidhi alipokuja kutoka huko Ifakara na magunia yake ya mchele alituambia nyonga yako inaendelea kufunga vizuri, ila wewe mwenyewe hutaki mkongojo, eti unakuzeesha. Nasra, wewe ni mzee tayari. Mkongojo hauna kosa lolote, ushike. Shikamoo yako aliileta, na mimi naipokea, marahaba sana, ila siku nyingine itume pamoja na habari kwamba umetembea mpaka mlangoni.

Mimi sijambo, kwa kiasi cha uzee wangu. Meno yaliyobaki yanatosha kwa wali, na goti la kushoto linanipa habari za mvua kabla ya redio. Watoto wote hapa Mafiga ni wazima. Anayeandika ni Yasmin, mjukuu wangu yule mwimbaji. Nimemwambia aandike kama ninavyosema, asinitie sukari mdomoni. Ningekupigia simu, lakini wewe kwenye simu unasikia nusu, na nusu nyingine unaijaza mwenyewe, na haya ya leo hayataki kujaziwa.

Najua maneno yameshakufikia. Umeambiwa kwamba mjukuu wako Shadya alifungua kinywa siku ya kutolewa, katikati ya uwanja kule Matombo, angali mwali, angali amefunikwa khanga. Umeambiwa mwali wetu hakufundwa akafundika. Binti yako amenieleza kuwa tangu usikie hayo sahani inarudi jikoni na chakula chake. Basi kula kwanza, mdogo wangu, ndipo usikilize. Hayo hayakuanzia Matombo. Yalianzia hapa mjini, kwenye karatasi.

Kabla ya Ramadhani nilialikwa harusi kwenye ukumbi mmoja huku mjini, na bendi ya Yasmin ndiyo iliyokuwa inapiga. Nikavaa vizuri, nikakaa mbele ili nimwone mjukuu wangu. Nikaona amewekewa kistendi cha chuma mbele yake, na juu yake karatasi. Anaimba kidogo, anatazama karatasi. Anaimba tena, anatazama. Mpiga kinanda naye kabandika vikaratasi vyake juu ya kinanda, na mwenzao wa gitaa anachungulia simu aliyoiweka juu ya spika. Nasra, damu ilinichemka. Wimbo ulipoisha nikasimama, na sauti yangu unaijua haihitaji kipaza. Nikamwambia mwanamke anayesoma mapenzi kwenye karatasi, na mumewe chumbani atamsomea. Ukumbi mzima ukacheka. Nikaongeza kwamba bibi zake waliimba mpaka jogoo akachoka na hakuna aliyekuwa na hata jani la mgomba mkononi.

Yasmin alikuja pembeni akanieleza kwa adabu kuwa nyimbo ni nyingi, na kila Jumamosi kuna bwana harusi mwingine na bibi harusi mwingine wa kutajwa ndani ya wimbo, naye ana kichwa kimoja tu. Nikamjibu kuwa hata mimi nina kimoja. Basi akarudi jukwaani, akaikunja ile karatasi akaiweka kwenye pochi, akaimba bila kitu. Akafika mahali pa kumtaja bibi harusi, akamtaja yule wa wiki iliyopita. Watu walipiga kelele, mama wa bibi harusi akainuka na viatu mkononi. Nilimkuta Yasmin nyuma ya ukumbi, kwenye masufuria, analia. Na mimi, badala ya kumfuta machozi, nikamwambia sasa atajifunza.

Hapa Yasmin ameniuliza kama kweli aandike hayo ya masufuria. Nimemwambia aandike.

Baada ya Idi ndipo habari ikaja kwamba Shadya atatolewa shule zikifungwa mwezi wa sita, na kwamba mimi ndiye nitakayeimba mabibi. Nani mwingine? Tangu wewe uolewe Ifakara kazi hiyo ni yangu, ingawa tulifundishwa pamoja, na wewe ndiwe uliyeshika upesi. Unajua mwenyewe kuwa mwali wa kwetu hatoki mpaka atajiwe wanawake wa lukolo, ukoo wa upande wa mama, mama zake wote mmoja nyuma ya mwingine, kutoka yule wa kwanza kulima kule juu mpaka aliyemzaa yeye. Ukimruka mmoja, umekata kamba katikati, na mwali anabaki ananing'inia, hana alikotoka.

Nikaanza kujizoeza nikiwa napukuchua maharage. Wa kwanza akaja. Wa pili akaja. Nikafika mahali, Nasra, nikakuta pengo. Ni kama jino limeng'oka na ulimi hautaki kwenda kwingine ila pale pale. Nikasema ni uchovu. Kesho yake pengo lilikuwa mahali pengine. Sikumwambia mtu. Nikatafuta uzi wa katani nikaanza kutunga vitu, kila bibi na chake: iliki ya yule aliyepanda iliki, gome la mdalasini la yule aliyefia shambani, ushanga mweupe wa mkunga, kipande cha ukili cha yule msusi wa mikeka aliyekuwa anatupiga kwa ukili huo huo. Mama nikamwekea kigae. Ni cha kile chungu chake cha mwisho, alichokifinyanga mkono mmoja ukiwa tayari umepooza, kikatoka kimeinama upande kama mlevi. Nilikitoboa kwa ncha ya msumari, nikiuzungusha taratibu kisipasuke. Wewe nikakuwekea suke la mpunga, kwa sababu ulituacha ukaenda kuwa mke wa Ifakara.

Yasmin alinikuta nautunga ule uzi. Hakucheka. Alishika iliki, akainusa, akaniambia kwamba hiyo ni karatasi yangu. Nikamfukuza, nikamwambia karatasi haina harufu.

Siku yenyewe nilipanda mlimani kwa bodaboda, goti langu limefungwa kwa kilemba. Matombo ilipendeza. Mvua zilikuwa zimekwisha lakini barabara bado ina mashimo yenye maji, na ndizi zilikuwa zimeiva hata nguruwe wa misheni hawazitaki. Shadya alitoka ndani amebebwa mabegani na mjomba wake Salehe, amefunikwa khanga mbili, kichwa chini, mkimya kama mchi uliosimamishwa. Kungwi wake, Bi Modesta, alikuwa anatembea pembeni kifua mbele, kana kwamba amemzaa yeye. Ngoma zikalia. Nikaingiza mkono ndani ya khanga yangu, nikaushika uzi, nikaanza.

Wale wa kwanza niliwataja kwa majina. Nikashika iliki. Nikamwona bibi yule, nikaiona mikono yake ya kijani kama tulivyosimuliwa, hata kikohozi chake nikakisikia, jina sikulipata. Ngoma haisubiri, Nasra. Mdomo wangu ukaimba wenyewe, ukauliza aliyepanda iliki kule juu yuko wapi. Na wanawake wote uwanjani, bila kuambiwa na mtu, wakajibu kwa jina lake. Nikashika mdalasini, nikauliza aliyefia shambani na jembe mkononi yuko wapi. Wakajibu. Uwanja ukawaka! Vigelegele vilivuka bonde vikarudi. Wazee waliokuwa wanasinzia kwenye viti walisimama. Kila nilipouliza nilijibiwa, nikajiona nimepona.

Nikafika kwenye kigae. Nikauliza, mfinyanzi wa chungu nilichoogeshewa yuko wapi. Kimya. Si kwamba hawamjui. Walinyamaza kwa heshima. Walisema moyoni, huyu ni mama yake mzazi, mwacheni amtaje mwenyewe. Ngoma nazo zikashuka, zikawa zinagonga polepole zikinisubiri. Nikakikamata kile kigae mpaka kikanikata kidole. Niliuona udongo kwenye kucha zake. Nilisikia alivyokuwa anatuita, wewe na mimi, tukiwa tumejificha asitutume maji. Nikaona kila kitu. Machozi yakanitoka, na watu wakaona machozi wakasema, maskini, uchungu wa mama hauzeeki.

Ndipo sauti ikatoka juu, mabegani kwa Salehe, chini ya khanga, ndogo na safi. Mwali akataja jina la bibi mzaa bibi yake.

Mara moja tu. Nami nikaliokota jina lile kama mtu aliyetupiwa kamba kisimani, nikaliimba, nikaenda kwako, nikakutaja, nikaenda kwa binti yako, nikamaliza. Lakini ngoma zilipokoma Bi Modesta alikuwa ameshika kiuno. Alisema mbele ya wote kwamba mwali huyu amefunguka kabla ya kufunguliwa, na kwamba yeye hakumfunda hivyo. Wanawake wakaanza kunong'ona. Wengine walisema ni nuksi, wengine wakasema ndio watoto wa siku hizi, wakifungwa midomo wanakufa. Shadya alikuwa anatetemeka mpaka Salehe naye anatetemeka chini yake.

Nikasema ni mimi niliyemwagiza. Nikasema ndivyo nilivyopanga tangu mjini, wimbo uulize, uwanja ujibu, na mwali mwenyewe amtaje bibi mzaa bibi yake. Bi Modesta alinitazama kwa jicho la pembeni, lakini nani atabishana na mzee mwenye sauti kama yangu? Wakameza. Tena wakasifu. Kuna watu wa Mkuyuni wana mwali wao mwezi wa kumi na mbili, wamekuja hapa mpaka Mafiga kuniomba niwaimbie kwa mtindo ule ule mpya. Wamenibebea na jogoo.

Jogoo sijamchinja. Siwezi.

Tangu nirudi nimekuwa nakwenda kwenye harusi za Yasmin kila Jumamosi. Majirani wananicheka, wanasema nimetubu. Nakaa chini ya jukwaa karibu na kile kistendi, na feni ikianza kupeperusha karatasi mimi ndiye ninayesimama kuishika. Jumamosi iliyopita niliishika wimbo mzima mkono ukafa ganzi, na mjukuu wangu akaimba vizuri bila hata kuangalia. Baadaye nikaambiwa niliishika kichwa chini miguu juu. Amecheka, hata sasa anacheka akiandika.

Yasmin, acha kucheka sasa. Andika.

Nasra, wameniuliza wengi kwa nini nimelainika, na nimewajibu maneno ya kipuuzi. Wewe nakupa la kweli, na huyu anayeandika analisikia leo kwa mara ya kwanza. Ile haikuwa mtindo. Sikupanga kitu na sikumwagiza Shadya neno. Sikuwa nimezidiwa na uchungu. Nilisahau jina la mama. Nilisimama mbele ya watu nimeshika kigae cha chungu chake, damu inanitoka kidoleni, na jina la mama yangu halikuwemo kichwani. Mjukuu wako alijua kuwa akisema atalaumiwa. Aliniona nazama, akachagua lawama. Kwa hiyo mtu akikuambia mwali wenu hakufundwa, mwambie amefundwa kuliko sisi, na mwambie Asia ndiye aliyesema.

Na halikuishia hapo. Juzi nilikuwa naosha vyombo, nikalitafuta tena. Halikuwepo.

Yasmin ameweka kalamu chini. Amekuja kukaa hapa mkekani, amenishika mguu. Sasa amelisema. Amelisema sikioni mwangu, nimelisikia, nimelirudia. Mimi niliyemfukuza na karatasi yake, mimi niliyemliza nyuma ya masufuria, nimemwambia achukue kalamu aliandike hapa, kwa herufi kubwa kuliko zote:

MWANAMVUA.

Nimelipitishia kidole. Sijui kusoma, lakini hili sasa najua linavyokaa, linaanza na milima miwili. Amelinakili pia kwenye kipande cha boksi, tumekitoboa, tumekifunga kwenye uzi karibu na kigae.

Sasa ombi langu. Nyonga yako ikikubali, njoo. Hafidhi atarudi na gari mwezi ujao, atakuweka mbele. Njoo na mkongojo wako na aibu zako zote. Watu wa Mkuyuni nitawaambia ukweli na jogoo wao nitawarudishia, lakini Shadya anataka kufundishwa wimbo wote, sio majina tu, na yapo maneno ya mle ndani ambayo hayaingii kwenye karatasi ya Yasmin wala kwenye uzi wangu. Wewe unayo. Mfundishe mimi nikiwa nimekaa pembeni, nami nisikie tena. Usingoje kupona kabisa. Sitaki ifike siku nishike lile suke la mpunga nijiulize ni la nani.

Nisalimie mwanao na mkewe, waambie nawashukuru kwa kukulea. Wajukuu wa huko wabusu wote, hata yule anayeniogopa. Salehe na watu wote wa Matombo wanakusalimu. Bi Modesta hajakusalimu, lakini atakusalimu. Nakwenda kwake Ijumaa. Yasmin anakupa shikamoo yake, ameiandika mwenyewe bila kuambiwa: shikamoo bibi.

Hiki chini ni kidole changu, kile kile kilichokatwa. Utaona kovu.

Dada yako,
Asia, binti Mwanamvua